KISU CHA KUKUNJA KILICHOKWISHA TUMIKA: KITAMBUE KABLA YA KUKIUZA

(Mazungumzo haya yalisomwa mbele ya wanakisomo wa Magomeni, Mtwara. Msemaji ni fundi wa kunoa visu. Tumeyachapa kama alivyoyasoma.)



Leo nimeombwa nizungumze juu ya visu. Najua wengine mnajiuliza, kisu nacho kina mazungumzo gani? Kila nyumba ina kisu cha kumenyea muhogo na kisu cha samaki. Hivyo tumevizoea. Leo nataka tuzungumze juu ya kisu cha kukunja, kile ambacho bapa lake hulala ndani ya mpini, kikakaa mfukoni. Tena si kila kisu cha kukunja. Nazungumzia vile vizuri, vya bei kubwa, ambavyo vimekwisha tumika na mtu mwingine, kisha vikafika mikononi mwetu.

Vinafikaje? Ndugu zangu, Mtwara ni bandari. Gati letu lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati ule wa mpango wa karanga wa Nachingwea, na tangu hapo mabaharia wanashuka na kupanda. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Baada ya mwaka 2010 zikaja meli za kutafuta gesi katika bahari yenye kina kirefu, pamoja na mafundi wa nchi nyingi. Watu wale walipanga nyumba, walikaa, kisha wakaondoka. Mtu akiondoka hugawa vitu. Mlinzi hupewa viatu, mpishi hupewa sufuria, na dereva labda hupewa kisu. Vingine vinavuka na wafanya biashara pale Kilambo. Na vingine ni vya zamani sana, vimekaa ndani ya masanduku ya wazee tangu enzi za Mjerumani na Mwingereza.

Sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba mwenye kisu mara nyingi hajui alichonacho, na mlanguzi anajua. Mlanguzi anakuja na maneno matamu. Anakuambia, "Kisu hiki kimechakaa, lakini kwa kuwa ni wewe nitakupa elfu kumi." Unafurahi. Unampa. Kesho anakiuza kwa mara ishirini ya bei hiyo. Iko na shida ya pili, kinyume cha hiyo. Kijana anauziwa kisu cha bandia kwa laki mbili, akidhani amepata mali ya Ulaya. Wote wawili wamepunjwa, na wote wawili wangeweza kujisaidia kama wangekaa kitako wakasoma maandishi ya kisu chenyewe.

SOMA SHINA LA BAPA

Fungua kisu polepole. Usikivute kwa ncha. Tazama mahali bapa linapoingia katika mpini. Hapo mimi napaita shina la bapa. Watengenezaji wengi wa visu hupiga muhuri wao hapo. Muhuri waweza kuwa jina, au picha ndogo, au tarakimu, au jina la mji na nchi.

Chukua daftari na kalamu. Nakili herufi moja moja kama unavyoziona, hata kama neno hulielewi. Herufi zao ni zile zile za kwetu, A, B, na nyinginezo. Usikisie. Wenye kuiga majina hupenda sana kubadilisha herufi moja tu, kwa sababu wanajua mnunuzi hasomi hadi mwisho. Ukinakili vizuri, hata mtu aliye Dar es Salaam anaweza kukusaidia kwa simu, maana utamsomea kilichoandikwa wala hutamwambia tu "kimeandikwa Kizungu".

Mchezo huu wa kuiga si wa leo. Zamani huko Uingereza palikuwa na mji wa mafundi wa visu, unaitwa Sheffield. Huko Ujerumani palikuwa na mji mwingine wa mafundi wa visu, unaitwa Solingen. Miji yote miwili ipo mpaka leo. Katika karne ya 19, visu vya bei rahisi vya Ujerumani vilikuwa vikiuzwa huku vimepigwa majina ya Kiingereza. Waingereza walikasirika. Mwaka 1887 Bunge lao likatunga sheria kwamba bidhaa ya kigeni iliyobeba jina au alama ya Kiingereza lazima iandikwe nchi ilikotoka. Ndipo visu vikaanza kuandikwa "Made in Germany", maana yake "kimetengenezwa Ujerumani". Waingereza walitaka maneno hayo yawe kama doa. Lakini Wajerumani walizidi kutengeneza vizuri, na baada ya miaka si mingi watu wakawa wanayatafuta maneno hayo hayo. Tangu mwaka 1938 jina la Solingen linalindwa na sheria ya Ujerumani, kwamba kisu kisichotengenezwa eneo lile kisiandikwe jina lile. Hata hivyo, mwizi wa majina aliye nchi ya mbali hasomi sheria za Ujerumani.

Nchi inaweza pia kukuambia umri wa kisu. Ukiona "West Germany", yaani Ujerumani ya Magharibi, ujue kisu hicho ni cha kati ya mwaka 1949 na 1990, maana ndipo nchi hiyo ilipokuwako kwa jina hilo. Ni kama sisi. Ukiona kitu kimeandikwa Tanganyika, utajua si cha juzi.

OKAPI, MTOTO WA UKOLONI

Kiko kisu kimoja ambacho kinatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Kinaitwa Okapi. Okapi ni mnyama wa misitu ya Kongo, jamaa ya twiga, ingawa miguu yake ina mistari kama ya punda milia. Wataalamu wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1901. Mwaka uliofuata, 1902, huko Solingen walianza kutengeneza kisu chenye jina lake, makusudi kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani ya Afrika. Wakati huo sisi ndio tulikuwa koloni la Wajerumani. Boma lao pale Mikindani, ambalo sote tunalijua, lilikuwa limekwisha jengwa tangu mwaka 1895.

Okapi hutambulika kwa urahisi. Ile ya kawaida ina mpini wa mti uliopinda kidogo, na juu yake vimegandamizwa vipande vidogo vya bati la njano, vya mfano wa mwezi na nyota. Mgongoni kuna chuma chenye pete. Bapa likifunguka hulia "ka-ka-ka", na ili ulikunje lazima uivute ile pete.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji ulihamia Afrika ya Kusini, na ndiko kinakotoka sasa. Okapi mpya ni kisu cha mtu wa kazi, bei yake ndogo. Lakini Okapi ya zamani yenye muhuri wa Ujerumani hutafutwa na watu wanaokusanya visu. Hivyo visu viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kutofautiana kwa thamani kwa sababu ya neno moja katika shina la bapa. Mzee mwenye Okapi kuukuu asimpe mjukuu akaichokolee udongo kabla hajaisoma.

KISU CHEKUNDU CHENYE MSALABA

Hiki mnakijua. Kina bapa, kina mkasi, kina kifungulia chupa, kina hiki na kile. Asili yake ni Uswisi. Fundi Karl Elsener alifungua karakana yake katika kijiji cha Ibach mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi la Uswisi visu vya askari. Kile chenye vifaa vingi, kilichoitwa cha maofisa, kilisajiliwa mwaka 1897. Kampuni yake ndiyo hii inayoitwa Victorinox. Sehemu ya kwanza, Victoria, ni jina la mama yake, na "inox" ni neno la chuma kisichoshika kutu. Kampuni nyingine ya Uswisi, Wenger, nayo ilitengeneza visu hivyo, na mwaka 2005 ikanunuliwa na Victorinox.

Bandia ni nyingi mno. Nenda soko lolote utaona kisu chekundu chenye msalaba. Usitazame msalaba. Rangi nyekundu na msalaba mweupe hata mtoto anaweza kuchora. Tazama shina la bapa. Kama hakuna jina, au herufi zimepinda na kufifia, kiache. Kisha tazama mpini. Katika kile halisi cha kawaida, mbavu za mpini ni laini, hazina vichwa vya skrubu vinavyoonekana. Fungua kila kifaa. Vya kweli hufunguka kwa nguvu moja na kugota mahali pake kwa sauti kavu. Vya bandia vingine ni vigumu mpaka ukucha unavunjika, vingine vimelegea kama bawaba la mlango wa kuku.

Kisu chekundu cha kawaida kilichotumika hakina bei ya kutisha. Ni kizuri, basi. Lakini kipo cha askari wenyewe, chenye mpini wa rangi ya fedha uliochongwa vijisanduku vidogo, na ngao ndogo yenye msalaba. Toleo hilo lilianza mwaka 1961 na jeshi liliendelea kulipokea hadi 2008. Kwenye shina la bapa hupigwa tarakimu mbili za mwaka. Ukiona 67, ni mwaka 1967. Ukipata hicho usikibadilishe kwa pakiti ya sukari.

Nitaje kimoja kwa haraka, ili msidhani kila kisu chenye sifa kina bei. Opinel cha Ufaransa, kilichoanzishwa na Joseph Opinel mwaka 1890, kina mpini wa mti, pete ya chuma ya kufungia, na muhuri wa mkono wenye taji. Kinakata vizuri kweli kweli. Bei yake ni ndogo hata kikiwa kipya. Kitumie tu.

KISU CHA MAMA MMOJA WA DARASA LETU

Sasa nifike kwenye jambo lililofanya niitwe hapa. Mama mmoja wa darasa hili, ambaye sitamtaja, aliniletea kisu cha marehemu mume wake. Mume wake alikuwa mlinzi kwenye nyumba waliyokaa mafundi wa meli, na fundi mmoja alipoondoka alimwachia. Kisu chenyewe hakina urembo. Mpini wake ni chuma cha kijivu kisichong'aa, kama bati la zamani. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuja mara mbili. Mara ya kwanza alisema elfu ishirini. Mara ya pili alisema elfu arobaini na akataka kuondoka nacho hapo hapo. Mama akasema, "Anayepandisha bei bila kuombwa ameona kitu." Maneno hayo ni yake, mimi nayarudia tu.

Niliuliza, kilikuja na nini? Akaleta kisanduku cha karatasi ngumu ambacho ndani yake alikuwa anaweka kadi za kliniki za watoto. Chini ya kadi hizo palikuwa na kadi nyingine ndogo. Ilikuwa na jina la Chris Reeve, aina ya kisu, na tarehe kilipotengenezwa. Ndugu zangu, kile kilikuwa cheti cha kuzaliwa cha kisu. Ndivyo hata wenyewe wanavyokiita.

Chris Reeve ni fundi aliyezaliwa Afrika ya Kusini. Alianza kazi huko Durban, kisha mwaka 1989 akahamia Marekani, katika jimbo la Idaho. Kisu chake kinachojulikana sana kinaitwa Sebenza. Neno hilo si la Kizungu. Ni la Kizulu, maana yake "fanya kazi". Kikiwa kipya bei yake ni zaidi ya dola 400 za Kimarekani. Nilipotaja hesabu hiyo, mama alikaa chini.

Kwa nini kiwe ghali hivyo? Mpini wake umetengenezwa kwa titani. Titani ni madini yenye nguvu kama chuma lakini ni mepesi, uzito wake ni kama nusu tu ya chuma na kidogo zaidi, wala hayashiki kutu hata baharini. Komeo lake, yaani kile kinachozuia bapa lisijikunje likakukata vidole, si kipande kilichoongezwa. Ni ubavu wenyewe wa mpini uliopasuliwa kidogo, ukapinda na kuingia nyuma ya bapa. Mtindo huu ameuanzisha yeye na leo unaigwa dunia nzima. Vipande vyote vimekatwa kwa kipimo kidogo mno, hata bapa hufunguka kama linaogelea katika mafuta.

Lakini mimi sikusema mara moja kwamba ni cha kweli. Visu hivi vina bandia zake, na vingine vimeigwa vizuri sana. Nilichukua sumaku, ile inayotoka kwenye spika mbovu ya redio. Sumaku haishiki titani. Nikaigusisha kwenye mpini, haikushika. Nikaigusisha kwenye bapa, ikashika. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana feleji nzuri ya kisu hushikwa na sumaku. Kama sumaku ingeng'ang'ania mpini, habari ingeishia pale. Lakini kutoshika peke yake si ushahidi kamili, kwa kuwa wako waigaji wanaotumia titani. Ndiyo maana nilitazama na kadi, na muhuri, na jinsi komeo linavyokaa. Vyote vinne vilisema jambo moja.

Habari mbaya ikawa kwenye makali. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekinoa. Tena kwa tupa. Mikwaruzo imepanda hadi katikati ya bapa, na ncha imekwisha kidogo. Mama akauliza, "Je, kimekufa?" Hakikufa, lakini kimepungua. Mnunuzi atahesabu kila mkwaruzo.

HALI YA KISU

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Jambo la kwanza kabisa, tazama bapa lina upana wake wa asili au limeliwa. Kinu cha miaka mingi hula bapa kama maji yanavyokula ukingo wa mto Ruvuma. Kunja kisu. Kama bapa limezama sana ndani ya mpini, au ncha imechomoza nje, au makali yamekuwa na tumbo, limenolewa mno. Hakuna fundi wa kurudisha chuma kilichokwenda.

La pili, tafuta rangi. Bapa lenye doa la buluu au la kahawia kama kaimati karibu na makali limeungua. Limenolewa kwa mashine kavu inayozunguka kwa kasi, ile inayotoa cheche, bila maji. Joto limeharibu ugumu wa feleji. Makali ya mahali hapo hayatakaa hata ukinoa mchana kutwa. Nimeona visu vizuri sana vimeuawa hivyo kwa dakika moja, na mwenye kisu analipa na kushukuru. Kisu cha maana kinolewe kwa jiwe na maji, polepole, na mtu anayejua.

La tatu, tikisa. Fungua bapa, shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa mwingine, sukuma kushoto na kulia, juu na chini. Kisiwe na mchezo. Kisha kifunge utazame kwa juu. Bapa likae katikati, lisigombane na ubavu wa mpini. Wakati mwingine ni skrubu tu imelegea, na hapo kasoro ni ndogo.

La nne ni komeo. Fungua kisu, weka vidole mbali na njia ya bapa, kisha gonga mgongo wa bapa taratibu juu ya ubao. Likijikunja, komeo limechoka. Kisu hicho ni hatari, na bei yake ishuke sana, hata kama jina lake ni kubwa.

Kuhusu kutu, msichanganye mambo mawili. Visu vingi vya zamani ni vya feleji ya kawaida, si ile isiyoshika kutu. Vikitumika miaka mingi hugeuka kijivu cheusi. Hiyo si kutu. Ni kama ngozi ya kisu, nayo hukilinda. Kutu ni nyekundu na hutoboa. Nyumbani kwetu pwani kutu inakuja haraka, kwa sababu ya hewa ya chumvi, na mbaya zaidi ni kisu kilichohifadhiwa ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu. Kitoe, kipake mafuta kidogo, kikae kwenye kitambaa kikavu.

MPINI NAO USOMWE

Mipini ya mti mweusi mzito mara nyingine ni mpingo, ule ule wanaochonga ndugu zetu Wamakonde. Wazungu huutumia kwa visu vya bei na kwa zumari zao. Huo ni halali kabisa.

Lakini mpini mweupe uangalie vizuri. Kama ni mfupa, utaona vitundu vidogo vyeusi kama alama za sindano. Kama ni plastiki, mara nyingi utaona mstari wa kalibu ubavuni. Kama ni pembe ya ndovu, mahali palipokatwa utaona mistari myembamba inayokatizana kama nyavu. Sheffield ilitumia pembe nyingi sana zamani. Ukiona hivyo simama. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa makubaliano ya mwaka 1989, na hapa kwetu kuwa na nyara bila kibali ni kosa linalopeleka watu gerezani. Usikitangaze kisu hicho sokoni, wala usikitume kwa mtu. Nenda kwanza ofisi ya maliasili ukaulize.

BEI

Sasa tufanye hesabu. Wengi wanakosea kwa sababu wanasikia bei moja na kudhani ndiyo bei. Mtu akikuambia, "Nimeona kwenye simu kisu kama hiki kinauzwa milioni mbili," mwulize, kimeuzwa au kinauzwa? Kila mtu anaweza kuomba milioni mbili. Kinachotusaidia ni bei ambayo mtu amelipa. Mwenye simu akutafutie visu vitatu au vinne vya aina hiyo hiyo, vyenye hali kama ya kwako, ambavyo vimekwisha nunuliwa. Andika bei zote. Iache ile ya juu kabisa na ile ya chini kabisa. Zilizobaki ndizo za kuongea.

Tuchukue mfano. Nasema mfano, msije mkanishika kesho. Tuseme kisu kipya ni dola 400, na dola moja tuifanye shilingi 2,500 ili hesabu iwe rahisi. 400 mara 2,500 ni shilingi 1,000,000. Kilichotumika, chenye hali nzuri, pamoja na kisanduku na kadi, tuseme mnunuzi wa mbali analipa sehemu saba katika kumi. Hiyo ni 700,000. Toa laki moja na nusu kwa ajili ya makali yaliyoharibiwa. Imebaki 550,000. Toa gharama ya kukituma na ya mtu atakayekutafutia mnunuzi, tuseme 150,000. Imebaki 400,000 mkononi mwa mwenye kisu.

Mnunuzi wa hapa Mtwara hatatoa hiyo yote. Naye anataka faida, na siyo dhambi. Anakihatarisha kipesa chake na anasafiri. Akisema laki mbili na nusu au tatu, mnaweza kuzungumza. Lakini elfu arobaini? Hapana. Huyo haulizi bei, anauliza kama umesoma.

Kisanduku na kadi vina thamani. Msivitenganishe na kisu. Bila kadi, mnunuzi mwenye akili atasema, "Nitajuaje si cha bandia?" na atashusha bei, naye ana haki.

KISU KIMETOKA WAPI?

Kwa upande wa kununua, ziko hatari. Kijana anakuja usiku na kisu cha thamani, anataka elfu kumi na tano, tena haraka. Unajua kabisa kuwa si bei yake. Sheria inamkamata mwizi, na inamkamata pia anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Bei ndogo mno ni sababu mojawapo atakayokuuliza polisi.

Kwa hiyo kila mkiuziana kitu cha thamani andikeni. Karatasi moja ya daftari inatosha. Muuzaji nani, mnunuzi nani, tarehe, kitu gani, maandishi ya muhuri kama ulivyoyanakili, bei kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi za wote wawili. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa au jirani mmoja awe shahidi. Andikeni nakala mbili, kila mtu na yake. Asiyekubali kuandika mwambieni kwaheri.

Mama yule bado hajauza. Kisu kiko kwake, makali yamerekebishwa kwa jiwe, na kadi za kliniki zimehamia kwenye bahasha. Mnunuzi alirudi mara ya tatu, akakuta amewekewa daftari mezani.

Sasa maswali. Lakini kwanza tangazo dogo. Wenye visu vya kukunja nyumbani, vya baba au vya babu, wavilete Jumamosi jioni baada ya darasa. Tutavisoma pamoja, sitatoza kitu. Msivisugue kwa mchanga wala kwa majivu kabla ya kuja, hata kama mnaona aibu. Na watoto wasivibebe. Vileteni wenyewe, vikiwa vimekunjwa na kufungwa kwenye kitambaa.